Siku Saba Ruwenzori, Nyuma ya Kamera ya Vittorio Sella

Kasese, usiku wa kuamkia safari

Mizani niliyoazima kwa mwenye nyumba ya wageni imesoma kilo 9 na gramu 400: kamera mbili, lenzi tatu, tripodi, betri kumi na mbili na kadi za kumbukumbu, vyote ndani ya mifuko isiyopenya maji. Kamba, kofia ngumu, shoka la barafu na kramponi, yaani yale meno ya chuma yafungwayo chini ya viatu, nimevipima peke yake, kwa sababu mzigo wa kamera nitaubeba mwenyewe mgongoni kuanzia kesho hadi siku ya mwisho. Juu ya kila kitu nimelaza bahasha ngumu yenye nakala sita za picha zilizopigwa katika milima hii ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mwaka 1906.

Aliyezipiga ni Mwitalia Vittorio Sella, mzaliwa wa Biella wa mwaka 1859. Alipofika Ruwenzori pamoja na msafara wa Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi, alikuwa na umri wa miaka 46 na alikwisha kupiga picha katika Alpi, Kaukazi, Alaska na kuuzunguka mlima Kangchenjunga wa Himalaya. Miaka mitatu baadaye alikwenda mlima K2. Kwa ujana wake alibeba kamera ya bamba za kioo zenye ukubwa wa sentimita 30 kwa 40, ambapo bamba moja tu lilikaribia kilo moja, kisha baadaye akahamia bamba ndogo zaidi. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu kila ninapolalamikia uzito wa mkoba wangu huwa naikumbuka, nami hunyamaza.

Kazi niliyoijia ni moja: kutafuta mahali hasa aliposimama Sella, kusimama hapo hapo katika majira yale yale ya mwaka, na kupiga tena. Tumechagua mwisho wa Juni kwa kuwa yeye alikuwa huku Juni na Julai, na jua likiwa upande ule ule wa anga vivuli huangukia miamba ile ile. Kazi hii huitwa upigaji picha wa marudio, na kwangu mimi, baada ya miaka kumi na minane ya kuishi kwa kamba na kamera, ndiyo sehemu ngumu na yenye heshima kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Siku ya kwanza: Nyakalengija hadi Nyabitaba

Tumeanza kutembea kutoka Nyakalengija, mita 1,646 juu ya usawa wa bahari, saa nne asubuhi, tukipita kati ya migomba na mashamba ya kahawa hadi mpaka wa hifadhi, kisha tukaingia msituni tukifuata bonde la mto Mubuku. Mto huo husikika kabla ya kuonekana, na ukishaonekana unaelewa kwa nini watu wa hapa huuheshimu.

Wapagazi wetu ni Wakonzo, watu wa pande zote mbili za mlima huu, Uganda na Kongo. Huwapa watoto wao majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, hivyo mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, na kwa bahati msafara wetu una watoto wa pili watatu. Kiongozi mkuu, mzee aliyepanda milima hii tangu kabla haijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, amejifunza Kiswahili kwa shemeji zake wa Beni na Butembo. Nilipomwamkia kwa shikamoo, kama tulivyofundishwa nyumbani Moshi, alicheka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Karibu, mutoto yangu. Mayi iko mingi kule mbele, lakini tutafika." Tangu hapo mimi namwita Mzee, naye huniita mutoto, ingawa nina watoto wawili.

Nimewatazama wapagazi wakifunga mizigo na moyo wangu umerudi nyuma. Nilikuwa mpagazi wa Kilimanjaro nikiwa na miaka kumi na tisa. Mzigo wa mgeni ulikaa kichwani na shingoni, mkoba wangu mgongoni, na viatu vilikuwa vya kuazima. Kamera ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya mgeni mmoja aliyeugua kichwa kwa sababu ya kimo pale kambi ya Barafu, akaniomba nimpigie picha ya kilele ambacho yeye asingekifikia. Nilipanda usiku ule pamoja na wenzake, nikapiga picha thelathini na sita, na niliposhuka nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma, nilimwona akizitazama moja moja bila kusema neno. Sikujua wakati huo kama ile ni kazi. Nilijua tu kwamba nimemletea mtu kitu ambacho miguu yake ilishindwa kumfikishia.

Nyabitaba, mita 2,651. Tumesikia sokwe wakipigiana kelele ng'ambo ya bonde, lakini hatukuwaona.

Siku ya pili: hadi kibanda cha John Matte

Mvua imeanza kabla ya chai. Njia hushuka kwanza hadi daraja la Kurt Schafer, mahali mito Bujuku na Mubuku inapokutana, halafu hupanda ndani ya mianzi kwa saa nyingi juu ya mizizi na mawe yenye utelezi, mpaka mianzi inapoachia nafasi miti ya erika iliyovikwa kuvumwani kutoka shinani hadi matawini, mfano wa watu wazima waliojifunika mablanketi.

Sina mengi ya kusema juu ya mwendo wa leo, ila nitasema juu ya unyevu, kwa sababu ndio adui wa mpiga picha wa Ruwenzori kuliko baridi. Kamera iliyotoka nje kwenye baridi ikiingizwa ghafla ndani ya kibanda chenye moto na pumzi za watu kumi na wawili hufunikwa na matone ya maji nje na, kwa bahati mbaya, ndani. Ndiyo maana kamera yangu hulala barazani ndani ya mfuko uliofungwa, na betri peke yake ndizo huingia nami kwenye mfuko wa kulalia. Ndani ya kila mfuko nimeweka pakiti za chembechembe za kufyonza unyevu, na kila jioni nazikausha juu ya sufuria ya mpishi. Lenzi niliyoipenda kuliko zote iliota kuvu miaka sita iliyopita baada ya safari moja ya siku kumi za mvua, na fundi wa Nairobi aliponifungulia nikauona ule utando mweupe uliotambaa kwenye kioo kama mizizi, nilijifunza kwa gharama ya mishahara ya misimu miwili.

Siku ya tatu: vinamasi vya Bigo na ziwa Bujuku

Tumevaa gambuti na hatutazivua hadi kesho. Kinamasi cha Bigo kimewekewa njia ya mbao sehemu kubwa, lakini mbao huishia na palipoishia mtu huruka kutoka fundo moja la majani hadi jingine, na akikosea huzama hadi gotini katika tope jeusi la baridi kali. Mimi nimekosea mara tatu. Lobelia kubwa zimesimama pande zote kama minara, na senesio zenye vichwa vya majani zimejipanga mlimani kiasi kwamba ukungu ukipita kati yake mtu hudhani zinatembea.

Mchana mawingu yamefunguka juu ya ziwa Bujuku, na Mzee akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Milima mitatu ilikuwa wazi kwa pamoja: Stanley, Speke na Baker. Nilitoa bahasha.

Hapa ni lazima nieleze namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana watu wengi hudhani ni kusimama takriban mahali pale pale na kubonyeza. Picha ya zamani nimeichapisha pia juu ya karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ambayo huilaza juu ya kioo cha nyuma cha kamera. Kisha hutafuta vitu viwili ndani ya picha, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali: kwa mfano jiwe kubwa ukingoni mwa ziwa na pengo la ukingo wa mlima nyuma yake. Kitu cha karibu na kitu cha mbali ni kama mashahidi wawili ambao hawawezi kusema uongo kwa pamoja. Jiwe likionekana kushoto ya pengo kuliko lilivyo katika picha ya zamani, maana yake nimesimama kulia mno, basi nasogea kushoto. Jiwe likiziba sehemu kubwa ya mlima kuliko ilivyokuwa, nimesimama chini mno, basi natafuta mahali pa juu zaidi. Huendelea hivyo, hatua kwa nusu hatua, kisha kwa upana wa kiganja, mpaka mistari yote ilaliane. Lenzi yenyewe haiondoi kosa la mahali: ukisimama pasipo pake, hakuna kukuza wala kukata picha kutakakokurekebishia.

Leo imenichukua saa moja na dakika arobaini. Mawe ya ukingoni mwa ziwa hayajasogea, ila senesio zimeota mbele yake, na kijana mmoja kati ya wale akina Bwambale ndiye aliyelitambua jiwe lenye ufa kabla yangu, kwa kuiangalia picha kichwa chini. Nimemwuliza amejuaje. Amesema baba yake hupumzisha mzigo pale.

Mistari ilipolaliana, nilichokiona kwenye kioo kilinifanya nikae chini. Mabega ya Baker, ambayo kwa Sella yamefunikwa weupe, leo ni mwamba mweusi unaotiririka maji. Nilijua hivyo kwa kusoma. Watafiti wamekadiria barafuto, yaani mito ya barafu, zote za Ruwenzori kuwa takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, na takriban kilomita moja tu ya mraba mwaka 2003. Lakini kusoma tarakimu ni jambo moja, na kuinua na kushusha karatasi ya plastiki mbele ya macho, kuona mlima ukivaa na kuvua, ni jambo jingine kabisa. Wakonzo huiita theluji nzururu, na kwa imani ya wazee wao mungu Kitasamba hukaa humo. Mzee alipoitazama ile karatasi kwa muda mrefu nilisubiri aseme neno, naye akanirudishia tu, akaenda kuwahimiza watu wakatafute maji ya kupikia.

Bujuku, mita 3,962. Picha ya kwanza kati ya sita imepatikana.

Siku ya nne: hadi Elena

Mwinuko wa leo ni mkali: bonde la senesio, ngazi ya chuma, kisha miamba mitupu. Kibanda cha Elena kiko mita 4,541, juu ya jiwe, hakuna udongo wala kichaka cha kujikinga na upepo. Mzee anasema alipokuwa kijana barafu ilikuwa jirani na mlango. Leo lazima tutembee juu ya mwamba uliosuguliwa laini kabla ya kuikanyaga.

Nimetumia alasiri kukagua kamba na kuwafundisha upya wapagazi wawili watakaopanda nasi namna ya kusimama juu ya kramponi, miguu ikiwa imetengana ili meno ya mguu mmoja yasishike suruali ya mguu mwingine. Mimi mwenyewe nilijifunza barafu Mlima Kenya. Niliwahi kuamini kwamba siku moja nitapanda Diamond Couloir, ule mfereji wa barafu kati ya vilele vya Batian na Nelion ambao Phil Snyder na Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kuupanda mwaka 1973, na ambao kwa miaka mingi ulitajwa miongoni mwa njia bora za barafu barani Afrika. Nilipofikia uwezo, barafu yenyewe ilikuwa imepungua kiasi kwamba njia ile haikuwa tena njia. Nelion nimeipanda kwa mwamba, mara kumi na moja, nane kati ya hizo nikiwa nimemfunga mtu mwingine kwenye kamba yangu.

Vijana hunitumia ujumbe wakiuliza namna ya kuishi kwa kazi hii, nami sitaki kuwadanganya. Picha peke yake hazijawahi kunilisha mwaka mzima. Miezi ya msimu naongoza wageni. Miezi mingine nashika kamba za usalama kwa wapiga filamu, yaani mimi ndiye ninayening'inia kando ya mpiga filamu ili yeye aangalie kamera yake bila kuangalia miguu yake. Mauzo ya picha huja katikati, mara nyingi yakichelewa. Kampuni moja ya utalii ilitumia picha yangu ya machweo ya Mawenzi kwenye matangazo yake kwa msimu mzima bila jina langu wala malipo, na nilipodai nilizungushwa kwa miezi kumi na minne. Tangu siku hiyo sitoi faili kubwa kabla ya mkataba kutiwa saini, hata kwa rafiki, na kila picha ninayoihifadhi huiandikia ndani yake jina langu, mahali, tarehe na majina ya niliokuwa nao. Hilo la mwisho hakunifundisha mtu. Nimelianza kwa sababu ninapotazama picha za kale za milima yetu, mara nyingi naona watu wetu chini ya mizigo na maelezo yakisema tu "wapagazi".

Tumekula mapema. Upepo unapiga bati.

Siku ya tano: Margherita, kisha Kitandara

Tumeamka saa saba usiku na kuondoka saa nane. Mwanga wa taa za kichwani ulionyesha mita tatu za mwamba uliolowa, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu ila ukungu. Kwenye ukingo wa barafu tulifunga kramponi kwa vidole vilivyokufa ganzi, tukajifunga kamba moja watu wanne, Mzee mbele na mimi nyuma.

Tulivuka uwanda wa Stanley kimya. Barafu ya huku, tofauti na ile ya kuta za Kilimanjaro, imelala kama mgongo wa mnyama, na juu yake maji yalikuwa yamechimba vijito vyembamba ambavyo kramponi zilivikwangua kwa sauti ya kijiko kwenye sahani. Halafu njia ilishuka kwenye mwamba, jambo linalowavunja wageni moyo, kwa kuwa mtu aliyepanda usiku kucha hapendi kuambiwa ashuke, kisha ikaanza barafuto ya Margherita yenyewe, yenye mwinuko mkali na nyufa. Katika sehemu moja nilisimama kama robo saa nikiwa nimezika shoka na kuilinda kamba, wenzangu wakivuka ufa mmoja mmoja, na katika robo saa hiyo mikono yangu ilipoteza hisia kabisa. Nilijua kwamba nikifika juu mikono ile ile itatakiwa kuzungusha pete ya lenzi kwa kipimo cha unywele. Nilifungua koti, nikaweka mikono kwapani mmoja baada ya mwingine, nikihesabu mia moja kwa kila upande. Ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mpiga picha wa milimani: kuilinda mikono kwa ajili ya dakika chache ambazo hujui zitakuja lini.

Margherita ni mita 5,109, kilele cha Stanley, mlima wa tatu kwa urefu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Msafara wa 1906 ulifika juu tarehe 18 Juni, ukakipa kilele jina la malkia mama wa Italia na kilele jirani jina la malkia wa Uingereza, Alexandra. Walieleza matuta ya theluji yaliyoning'inia ukingoni, yakishikiliwa kwa chini na nguzo za barafu, na njia yao ilipita kati ya nguzo hizo. Sisi tumemaliza mita za mwisho kwa mikono, juu ya mwamba.

Tulifika saa moja na dakika ishirini asubuhi. Ukungu haukufunguka. Nilikaa saa moja na nusu kando ya kibao cha kilele, kamera ikiwa juu ya tripodi, karatasi ya plastiki mkononi, nikisubiri mahali ambapo ukingo wa Alexandra ungetokea. Mara mbili ukungu ulikonda, nikaona kivuli cha mlima, nikabonyeza, na mara mbili picha ilikuwa ya kijivu tupu. Kijana yule wa jiwe lenye ufa alianza kutetemeka. Mzee alinitazama, hakuniambia kitu, akaanza kukunja kamba, nami nikaelewa, nikafunga mkoba. Picha ya kilele isiyopatikana haina uzito wowote mbele ya kijana wa watu anayetetemeka, na kiongozi anayesita juu ya jambo hilo asipewe kamba ya mtu mwingine.

Tumeshuka hadi Elena, tukanywa uji wa moto wenye sukari nyingi, tukapita chini ya kuta za mwamba za njia ya Scott Elliot, mahali pa kuvukia kati ya milima, mita 4,372, na alasiri tumefika maziwa ya Kitandara, mita 4,023. Maji ya maziwa haya huelekea Kongo. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, nilipokuwa nimevua viatu na sitaki hata kuiona kamera, mawingu yaliondoka yote, ziwa likatulia na kuubeba mlima mzima kichwa chini. Nilikimbia bila viatu juu ya mawe. Picha ya pili na ya tatu zimepatikana ndani ya dakika ishirini na tano, na miguu yangu imechubuka, na nina furaha kubwa.

Siku ya sita: njia ya Freshfield na pango la Bujongolo

Njia hii, mita 4,282, imepewa jina la Douglas Freshfield, aliyefika katika milima hii mwaka 1905, na ambaye ndiye Sella aliyeandamana naye kuizunguka Kangchenjunga mwaka 1899. Nikiwa napanda leo nilifikiria jambo hilo: kwamba Sella alipofika katika milima hii mwenzake wa zamani alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja.

Juu ya njia kuna sehemu tambarare yenye majani mafupi, mahali pa nadra Ruwenzori ambapo mtu hukaa chini bila kulowa. Picha ya nne ilipaswa kupigwa hapo, kuelekea Stanley. Ukungu ulifunguka kwa dakika nne, nilizozihesabu kwenye saa. Ndani ya dakika hizo niliweka tripodi, nikalinganisha jiwe la karibu na pengo la mbali, nikasogea mara tatu, nikapiga picha kumi na tisa, kisha pazia likashuka na halikuinuka tena kwa saa mbili tulizongoja.

Chini ya njia, baada ya mteremko wa matope unaoangusha kila mtu angalau mara moja, tulifika Bujongolo. Ni mwamba mkubwa ulioinama juu ya ardhi na kuacha kivuli kikavu chini yake, na hapo ndipo msafara wa 1906 uliweka kambi yao kuu. Sijui niliwazia nini miaka yote, lakini mahali penyewe ni padogo. Niliingia, nikagusa mwamba, ulikuwa mkavu na baridi, wenye weusi wa moshi. Katika nakala yangu mahema yamesongamana chini ya mwamba huu. Hapa hapakuwa na haja ya kusubiri mawingu, hivyo nililinganisha polepole, na kwa mara ya kwanza katika safari hii mistari ililaliana mara ya pili tu ya kujaribu. Niliwaomba wenzangu wakae mahali mahema yalipokuwa. Mzee alikaa katikati, akavua kofia, akaipigapiga gotini kutoa matope, akaivaa tena vizuri. Nimeandika majina yao wote kumi na mmoja kwa mpangilio wa kukaa, kutoka kushoto kwenda kulia, na wale watatu wenye jina moja nimewauliza majina yao mengine.

Picha ya tano ndiyo hiyo. Ya sita ni ile ya kilele, nayo haipo.

Siku ya saba: kibanda cha Guy Yeoman hadi Nyakalengija

Mwendo mrefu wa kushuka, magoti yakilia, mpaka joto la migomba. Tumeagana langoni. Mzee amenishika mkono kama siku ya kwanza, nami nimemwachia nakala ya plastiki ya Bujuku, ile ya mlima unaovaa na kuvua, kwa kuwa aliiomba.

Usiku huu, Kasese, nimefungua picha zote kwenye kompyuta na kuzilaza juu ya za Sella moja moja. Bujuku iko sawa. Kitandara zote mbili ziko sawa, kwa upana wa kidole. Bujongolo iko sawa. Ya Freshfield nimeikuza mara nyingi, nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi kuitazama upya. Jiwe la karibu liko kushoto ya pengo kwa kiasi ambacho mtu asiyejua asingekiona. Barafu imetoka vizuri, mwanga ni ule ule, anga safi, na gazeti lolote lingeichapisha. Lakini nilisimama kulia mno. Haifai kuwekwa pamoja na zile nne.

Nimempigia Mzee simu kumwuliza hali ya njia mwishoni mwa Juni mwakani, na kama kijana wa jiwe lenye ufa atakuwa huru. Kisha nimeandika kwenye daftari, chini ya mchoro wa mahali pale: tripodi hatua mbili kushoto, na kama urefu wa kiganja juu zaidi.